Waliolala Ziwani

Msikilizaji wangu, nakukuta popote redio yako ilipo: barazani, jikoni, kwenye banda la kuanikia dagaa, au ndani ya mtumbwi unaosubiri giza liingie sawasawa. Kipindi cha leo nimekiandaa kwa ajili ya mtu mmoja, lakini naomba nanyi wengine mkae msikilize, kwa sababu jambo lenyewe ni letu sote.

Nimepata ujumbe kutoka kwa binti aliyezaliwa Ikola, huku kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, amemaliza kidato cha sita. Anasema hivi: "Shikamoo. Nataka kwenda chuo kikuu kusoma mambo ya idadi ya watu na afya. Baba hataki. Anasema ukimsomesha mtoto udaktari utamwona na koti jeupe, ukimsomesha ualimu utamwona na chaki, lakini huyu wa idadi ya watu atakuja kuhesabu vichwa na kuondoka. Nimwambie nini?"

Marahaba, mwanangu. Na wewe kaka yangu, baba yake, pole na kazi za ziwani. Sikulaumu hata kidogo. Anayetoa ada ana haki ya kuuliza ada hiyo inakwenda kununua nini. Nitajaribu kukujibu, na nitaanzia mlangoni kwa mama mmoja, maana elimu hii unayoiona kwenye majedwali na vitabu vinene huanzia mlangoni kwa mtu.

Ilikuwa Agosti 2002. Mpanda ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Rukwa, Mkoa wa Katavi haujazaliwa. Mimi nilikuwa kijana niliyetoka shule juzi juzi, nikapata kazi ya siku chache ya ukarani wa sensa. Nikapewa mkoba, madodoso, penseli na kifutio, nikapangiwa vitongoji vya kandokando ya ziwa. Eneo langu lilikuwa miongoni mwa yale yaliyochaguliwa kujaza dodoso refu, lile lenye maswali ya uzazi na vifo.

Nyumba moja nilimkuta mama wa makamo anamenya mihogo, na pembeni yake amekaa mama mkwe wake. Nikasalimia, nikapewa kigoda. Nikauliza kama nilivyofundishwa: mama, umejaliwa kuzaa watoto wangapi waliozaliwa hai? Akasema watano. Wanaoishi hapa? Watatu. Wanaoishi kwingine? Wawili, mmoja Kirando, mmoja Uvinza. Waliofariki? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali mara mbili. "Si nimekwambia watano?" Nikaandika sifuri. Nilikuwa na haraka, nyumba zilibaki nyingi na jua lilikuwa limeanza kuniacha.

Nikiwa nafunga mkoba, yule bibi akasema, bila kuinua macho kwenye muhogo wake: "Na yule wa mwaka wa mvua kubwa?" Mama akajifuta mikono kwa kanga, taratibu sana. Akasema, "Yule hakukaa. Alilia siku mbili akaenda zake." Kisha, baada ya kimya ambacho sikujua nikifanyie nini, akasema tena, "Na mwingine kabla ya huyo. Naye hakukaa."

Nikatoa kifutio. Nikafuta tano, nikaandika saba. Nikafuta sifuri, nikaandika mbili.

Jioni ile nilirudi nyumbani nikidhani yule mama alitaka kunidanganya. Ilinichukua miaka kadhaa, na darasa, kuelewa kwamba alinijibu kweli tupu. Katika hesabu yake mtoto ni yule aliyekaa. Wale wawili alikuwa amewaweka mahali pengine, mahali ambapo mgeni mwenye penseli haingii. Kama bibi asingesema, wangebaki huko, na karatasi yangu ingepelekwa Dar es Salaam ikiwa safi na ya uongo.

Sasa sikiliza jinsi swali lile lilivyogeuzwa kuwa hesabu, kwa sababu historia hiyo ni ya hapa kwetu Afrika Mashariki, na watu wengi hawaijui. Mwaka 1948 ilifanyika sensa inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya kitaalamu katika Tanganyika, Kenya na Uganda. Katika Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki, makao yake Nairobi, alikuwepo kijana Mskoti aitwaye William Brass. Tatizo lililokuwa mbele yake na wenzake lilikuwa hili: Uingereza walijua watoto wangapi wanakufa kwa sababu kila kizazi na kila kifo kiliandikwa kwenye daftari la serikali. Huku kwetu daftari la namna hiyo halikuwepo. Utajuaje basi watoto wanakufa kwa kiasi gani katika nchi ambayo hakuna aliyeandika wamezaliwa lini na wamekufa lini?

Jawabu lilikuwa kwamba daftari lipo, ila liko vichwani mwa akina mama. Muulize kila mwanamke amezaa wangapi na wangapi wako hai, kisha uwapange wanawake kwa umri wao. Brass alionyesha kwa hesabu kwamba ukichukua wanawake wa miaka 20 hadi 24, sehemu ya watoto wao waliokufa inakupa makadirio ya hatari ya mtoto kufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Wale wa miaka 25 hadi 29 wanakupa makadirio ya kabla ya miaka mitatu. Wa miaka 30 hadi 34, kabla ya miaka mitano. Maswali mawili tu, mama anajibu akiwa anamenya mihogo yake. Njia hiyo ilienea Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ikaja kutumiwa na Umoja wa Mataifa, na mpaka leo ni vigumu mwanafunzi wa demografia, yaani elimu hii ya idadi ya watu, kuhitimu bila kukutana na jina la Brass.

Lakini mwalimu wangu darasani aliposhika chaki na kuandika zile hesabu, mimi nilikuwa namwona mama yule na kanga yake. Kwa sababu njia nzima ya Brass, pamoja na uzuri wake wote, inasimama juu ya neno "hakukaa". Karani asiposikia neno hilo, au akilisikia asielewe, mtoto anafutika. Na watoto wakifutika kwa wingi katika kata moja, kata hiyo inaonekana ina afya njema kuliko ilivyo, na dawa zinapelekwa kwingine.

Hapo ndipo namjibu baba yako kwa mara ya kwanza, mwanangu. Kuhesabu vichwa ni rahisi, na mbuzi tunawahesabu kila jioni. Kazi ya elimu hii ni kujua nani hayumo kwenye hesabu, na kwa nini hayumo.

Nikupe mfano mwingine, wa nyumbani kabisa. Sensa ya mwisho iliulizia usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022: nani alilala katika kaya hii? Makarani safari hii walikuwa na vishikwambi badala ya penseli. Wewe umezaliwa Ikola, kwa hiyo unajua kitu ambacho aliyezaliwa Dodoma hawezi kukijua kwa kuzaliwa tu: huku kwetu huwezi kuuliza mtu alilala wapi bila kwanza kutazama mwezi. Dagaa wanavuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika, wanaume wako nyumbani, na wale waliokuja kufuata dagaa wanarudi kwao kuwaona wake na watoto. Giza likirudi, kambi zinajaa watu na vitanda vinabaki vitupu.

Sensa yangu ya mwaka 2002 iliangukia siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu. Ziwa lilikuwa limetulia, wanaume wamejaa vijiweni. Sensa ya 2022 iliangukia siku chache kabla ya mwezi mwandamo, giza la kufaa kabisa. Usiku ule ule nchi nzima ilipokuwa ikijiandaa kuhesabiwa, taa zilikuwa zimetapakaa ziwani kama mji wa pili.

Taratibu za sensa zinawafikiria watu wa namna hii. Mlinzi aliye lindoni, muuguzi aliye zamu, mvuvi aliye majini, hawa huhesabiwa katika kaya zao. Sisemi waliachwa. Ninachosema ni kwamba ukilinganisha idadi ya wanaume wa miaka 20 hadi 40 katika vijiji vya ziwani mwaka 2002 na 2022, halafu usitazame mwezi, unaweza kuandika ukurasa mzima wa maelezo yaliyokosa maana. Tena ziwa siku hizi hufungwa. Mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Watu walikwenda wapi miezi hiyo? Nani alibaki na mama mjamzito? Kliniki zilipata wateja wangapi? Maswali hayo yanamngoja mtu wa huku aende kuyasomea namna ya kuyauliza vizuri.

Nije kwenye mkoa wetu. Mwaka 2012, mwaka ule ule Katavi ilipotengwa na Rukwa, sensa ilitukuta watu 564,604. Miaka kumi baadaye tukawa 1,152,958. Tumezidi mara mbili ndani ya muongo mmoja! Taifa zima lilikua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, sisi kwa asilimia 7.1, mkoa uliokua haraka kuliko yote. Nimewasikia watu wakisema ni kwa sababu wanawake wa Katavi wanazaa mno. Hapana. Uzazi peke yake, hata akina mama wazae namna gani, haufikishi kasi hiyo. Watu wamekuja. Wamekuja na ng'ombe kutoka kaskazini, wamekuja kufuata mashamba ya mpunga na mahindi, wamefuata dhahabu, wamefuata ziwa. Wengine walikuwa hapa siku nyingi: wale waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakapewa makazi Katumba na baadaye Mishamo. Wao pamoja na wenzao wa Ulyankulu, Tabora, zaidi ya 160,000, waliomba uraia wa Tanzania na wakaupata.

Na kwa nini palikuwa na nafasi ya kuja? Hapa napenda kukaa kidogo, maana vitabu vya safari huandika Katavi kama pori ambalo Mungu aliliumba tupu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi mno kandokando ya Ziwa Tanganyika. Mbung'o wanaoueneza walikuwa ndio wenye nchi. Baadaye, kuanzia miaka ya 1920, serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa magharibi mwa Tanganyika kutoka vijiji vyao vilivyotawanyika na kuwakusanya katika makazi makubwa, ili ardhi isafishwe na mbung'o wakose kichaka. Vijiji vikaachwa, msitu ukarudi. Leo mgeni anaona miti mirefu anadhani hapajawahi kuishi mtu, na huenda amesimama juu ya jiwe la kusagia la bibi ya mtu. Ugonjwa uliwaondoa watu, na sasa watu wamerudi. Afya na idadi ya watu ni kitu kimoja kilichotazamwa kutoka pande mbili. Ndiyo maana anayesoma kimoja hana budi kukijua na kingine.

Sasa mkoa uliozidi mara mbili unaleta shida gani zahanatini? Chukua mfano. Mpango wa wilaya unakadiria kuwa zahanati fulani ina watoto 200 wa chini ya mwaka mmoja. Chanjo zinaletwa kwa makadirio hayo. Muuguzi anafanya kazi, anachanja 260. Kwenye karatasi inasomeka amechanja asilimia 130 ya watoto. Ofisini wanafurahi, wanasema zahanati hii imevuka lengo. Lakini hakuna mahali duniani ambapo asilimia 130 ya watoto wanachanjwa. Maana yake makadirio ni madogo, watoto huenda ni 350, na 90 hawajaguswa. Surua ikija itawatafuta hao 90. Yule anayejua kuitazama asilimia 130 na kushtuka badala ya kupiga makofi, kaka yangu, ndiye binti yako baada ya miaka mitatu ya chuo. Vitabu vya MTUHA, vile vya kumbukumbu za huduma za afya, vimejaa kila zahanati, vimeandikwa kwa jasho na wauguzi waliochoka. Wanaovisoma kwa jicho la namna hiyo ni wachache.

Kuna takwimu moja ya mkoa huu ambayo siwezi kuipita. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wa Katavi, asilimia 45 walikuwa wameshazaa au wana mimba ya kwanza. Tuliongoza nchi nzima. Utafiti wa 2022 ulitukuta kwenye asilimia 34. Imeshuka, na tumshukuru kila mwalimu, kila mzazi na kila muuguzi aliyehusika. Lakini bado ni binti mmoja kati ya watatu. Wewe uliyeniandikia unawajua kwa majina. Mlianza darasa la kwanza wangapi, na mliofika kidato cha sita ni wangapi? Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba msichana aliyejifungua anaweza kurudi shuleni. Wangapi wa kata yako wamerudi, na aliyerudi alimwachia nani mtoto? Nakuuliza wewe kwa sababu takwimu ya mkoa haina uwezo wa kujibu hilo. Kuna kazi ya utafiti ya shahada ya kwanza imelala hapo hapo mwaloni, inasubiri mtu atakayewauliza hao wasichana kwa heshima.

Tafiti hizo hizo mbili zina jambo lingine linalonisumbua. Vifo vya akina mama kutokana na uzazi: ule wa 2015 na 2016 ulikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Ni nafuu kubwa sana, na nataka niiamini kwa moyo wote. Nimeona magari ya dharura ya mpango wa m-mama yakiitwa kwa namba 115 na kuja kumchukua mama kijijini, jambo ambalo mama zetu hawakulijua. Lakini mwanafunzi mzuri wa fani hii hasemi ndiyo wala hapana kabla hajauliza namba hiyo ilipatikanaje. Ilipatikana, tena, mlangoni. Mwanamke anaulizwa kuhusu ndugu zake wote wa tumbo moja: dada zako wangapi, walio hai ni wangapi, aliyefariki alifariki na umri gani, je, alikuwa na mimba, alikuwa anajifungua, au alikuwa ametoka kujifungua? Vifo vyenyewe, ukivitafuta kwa njia hii, hupatikana vichache katika utafiti mzima, kwa hiyo kila kimoja kinachosahauliwa au kuongezwa kinalisogeza jawabu.

Sasa fikiria neno "dada" kwa Kiswahili cha kwetu. Binti wa mama mdogo ni dada. Binti wa baba mkubwa ni dada. Mlelewe pamoja, mle sahani moja, akifa umlie kama wa tumbo lako, halafu karani anakuja anakwambia huyo simwandiki. Wengine watamtaja hata hivyo. Na yupo dada wa tumbo moja aliyekufa na mimba aliyoificha, ambaye familia ilikubaliana kusema alikufa kwa homa. Huyo hatatajwa ipasavyo. Sisemi namba 104 ni ya uongo. Nasema anayetaka kuisimamia au kuipinga sharti ajue hayo yote. Nasema pia kwamba mtu aliyekulia kwenye ukoo kama wetu anayajua kabla hajafika chuoni. Chuo kitamfundisha hesabu. Kusikia kimya cha mtu kabla hajajibu anakwenda nako.

Umri nao ni hivyo hivyo. Bibi hajui mwaka aliozaliwa, karani anamkadiria 70 akiwa na miaka 63, na jedwali la nchi linajaa watu wa miaka 60, 70 na 80, kana kwamba hakuna anayezaliwa katikati. Ndiyo sababu makarani hubeba kalenda ya matukio: Uhuru, Azimio la Arusha, Vita vya Kagera, mvua za El Niño. Lakini kila mahali pana kalenda yake. Mzee wa Ikola atakuambia alizaliwa kabla au baada ya meli fulani, padre fulani, gharika fulani. Mwenyeji tu ndiye anaijua.

Kaka, umesema binti atahesabu na kuondoka. Hilo ndilo neno lako zito kuliko yote, na nimelifikiria wiki nzima. Ni kweli wengi wamekuja huku wakahesabu na kuondoka. Lakini jirani zenu Karema wana kaburi la mtu aliyekuja na hakuondoka. Adrian Atiman alizaliwa upande wa mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akaibwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani, akavushwa jangwa, akakombolewa na wamisionari wa Kikatoliki, Mapadre Weupe, huko Algeria. Mwanzilishi wa shirika hilo, Kadinali Lavigerie, akampeleka yeye na vijana wenzake Malta, wakasoma utabibu katika chuo kikuu cha kule. Mwaka 1889 akafika Karema, kijana wa miaka ishirini na kitu. Akaoa binti wa Kibende, Agnes Wansahira. Akatibu watu wa mwambao huu mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67. Alipofika Wajerumani walikuwa bado hawajaishika nchi sawasawa, na alipokufa chama cha TANU kilikuwa na umri wa kama miaka miwili.

Mtu huyu alisoma mbali kuliko yeyote miongoni mwetu, akaja kukaa. Hakuzaliwa ziwani, lakini alijifunza nani ni ndugu wa nani. Nimewahi kuwaza: laiti pangekuwa na mtu kando yake, mwenye daftari, anayeandika kila mtoto aliyezaliwa na kila aliyekufa kwa miaka hiyo 67! Kwa kiasi fulani walikuwepo. Parokia za Kikatoliki ziliandika ubatizo, ndoa na mazishi, na siku hizi wanazuoni wa historia ya idadi ya watu barani Afrika wanazifungua rejesta za namna hiyo kwa uangalifu mkubwa, wakitafuta ndani yake watu walivyozaliwa na kufa kabla ya sensa yoyote. Mimi ningefurahi siku moja nimwone anayefanya kazi hiyo akiwa anasoma majina ya babu zake.

Kuhusu wapi pa kusoma, sitachukua muda. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, Dodoma, kinafundisha idadi ya watu na mipango ya maendeleo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina demografia kupitia Idara ya Takwimu. Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichoanza mwaka 1961, kiko Changanyikeni, Dar es Salaam. Muhimbili wana afya ya jamii. Ukifika mbele zaidi, Legon nchini Ghana kuna taasisi ya masomo ya idadi ya watu iliyoanza mwaka 1972 kwa ajili ya nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza. Hisabati ndiyo mlango. Kama hukupenda hisabati, ipende sasa, kwa sababu wema wa moyo peke yake hauwezi kukadiria vifo.

Na nisikudanganye kuhusu ajira. Hazijajaa. Halmashauri ina ofisi ya mipango, ina ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, na yapo mashirika na miradi ya utafiti, lakini utaomba na kungoja kama wengine. Hilo baba yako analijua na ana haki ya kuliogopa. Nimwambie tu kwamba miaka hii kumi bandari ya Karema imejengwa ili kuvusha mizigo kwenda Kongo, watu wameongezeka, na kila shule, kisima na wodi ya wazazi itakayojengwa kati ya Ikola na Mpanda itajengwa kwa namba ya mtu fulani. Bora iwe namba ya mtu anayejua ziwa linavyolala.

Kabla hujafunga sanduku lako, mwanangu, nenda kakae na bibi yako. Muulize amezaa wangapi. Atakujibu haraka. Usiinuke. Msaidie kumenya mihogo, ngoja.

Muda wangu umekwisha. Nawatakia usiku mwema ninyi mlioko majumbani. Na ninyi mlioko majini, taa zimewaka na nyavu ziko chini, mnaosikia sauti hii ikija na kupotea kwa upepo: usiku mwema nanyi pia.